Mama Yake Hataki Tuseme Alikufaje

Barua ya wiki hii imetoka Nakuru. Tumeifupisha kidogo, na jina lililomo si la mhusika.

Kwako mshauri,

Hujambo mama. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili. Naendesha bodaboda hapa Nakuru, upande wa Kaptembwo. Steji yetu ina watu 27 na mimi ndiye katibu. Mwenyekiti amesema jambo hili nililianzisha mwenyewe, basi nilimalize mwenyewe.

Tulikuwa na mwenzetu, nitamwita Sande. Nilimzidi miaka saba, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Kwao ni Kakamega. Alikuwa mcheshi sana, mtu wa kumpigia abiria hadithi mpaka apitishwe anakoshuka. Mwaka 2021 akaanza kubadilika. Mara kuna watu wanamsema nyuma ya ukuta, mara anakataa kumbeba abiria fulani kwa kuwa "ametumwa". Wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema ni bangi. Mimi na mkewe tulimpeleka hospitali akaanzishiwa sindano ya kila mwezi. Mama, ile sindano ilimrudisha. Alikaa zaidi ya mwaka mzima akiwa Sande wetu, isipokuwa mikono ilikuwa ikimtetemeka kidogo.

Halafu sindano ikaanza kukosekana. Tukienda tunaambiwa haijaletwa, kanunueni nje. Mwezi wa kwanza tulichanga tukanunua, wa pili pia. Wa tatu hakuna aliyekumbuka, na hilo linaniuma mpaka leo. Usingizi ukampotea. Akaanza kununua vidonge vya maumivu, vile vinavyouzwa kimoja kimoja bila karatasi ya daktari, anavisindikiza na changaa. Mkewe akaondoka na mtoto. Mama yake akaja kumchukua, akakaa naye nyumbani miezi miwili akiombewa kanisani, hakuna kidonge, hakuna glasi. Alirudi Nakuru amenona na ametulia. Sote tulimshukuru Mungu.

Hakumaliza siku nne.

Ilikuwa Jumamosi na mvua ilikuwa imenyesha. Saa tatu usiku nilimkuta kwenye benchi la steji amelala chali, anakoroma kama mtu mwenye maji kooni. Tulicheka. Mmoja wetu alimrekodi kwa simu. Nikamfunika kwa koti langu la mvua, tukasema mwacheni alale. Baada ya kama saa moja mlio ukakoma, tukadhani sasa usingizi umemkolea. Nilipokwenda kumwamsha nimpeleke nyumbani nikakuta midomo imekuwa rangi ya majivu. Tulimmwagia maji baridi, tukamtia maziwa mdomoni. Mmoja akasema twende hospitali, mwingine akasema huyu ana vidonge mfukoni, tukikutana na polisi tunalala ndani sote. Tukabishana, sijui ni dakika ngapi. Kliniki ya kwanza ilitaka pesa kwanza. Ya pili walimtazama tu, wakasema tumechelewa.

Cheti cha kifo kinasema moyo ulisimama. Mazishini Kakamega pasta alisema ni moyo. Sisi tuliotoka Nakuru na basi la kukodi tulikula, tukaimba, tukarudi bila kusema neno.

Mwaka huu nilikuwa na abiria nikasikia kwenye redio ya duka mtaalamu akieleza kuwa mtu aliyezidiwa na dawa hukoroma hivyo hivyo, na kwamba iko dawa ya kumzindua inayoitwa naloksoni, na kwingine watu wa kawaida hufundishwa kuitumia. Nilisimamisha pikipiki. Abiria alidhani mafuta yameisha. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimeunda kikundi na wenzangu. Tunaitaka kaunti ilete dawa hiyo na ifundishe watu wa steji, sindano za wagonjwa wa akili zisikosekane, kliniki zisidai pesa mbele ya mtu anayekata roho, na polisi wasimkamate anayemleta mwenzake hospitali. Mwakilishi wadi wetu ametuita tuzungumze kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu mpango wa maendeleo wa kaunti. Na tarehe 31 Agosti, siku ambayo duniani huwakumbuka waliokufa kwa kuzidiwa na dawa, tunataka kutembea kutoka Kaptembwo hadi mjini tukiwa na fulana zenye picha ya Sande.

Mtu mmoja akaitupa picha ya fulana kwenye WhatsApp. Ilifika Kakamega kabla ya jua kutua. Mama yake alinipigia. Hakulia wala hakufoka. Alisema, "Mwanangu alikufa kwa moyo. Karatasi inasema moyo. Wewe pia ni mwanangu, usinivue nguo mbele ya watu." Kisha akasema, "Na mbona mkachukua hiyo picha amekonda hivyo?" Akakata simu.

Wenzangu wanasema bila jina na sura hakuna atakayetusikiliza. Mke wangu anasema nimwachie mama msiba wake. Mjane wa Sande anasema tuseme, tena tuseme yote. Mtoto wao yuko gredi ya pili.

Nikinyamaza naona namuua Sande mara ya pili. Nikisema naona namuua mama yake. Serikali yenyewe haijali, sasa tusiposema sisi ni nani? Usiku mtoto wangu mdogo akikoroma naamka kumgeuza. Nifanye nini?

Katibu wa Steji, Nakuru

*

Mwanangu Katibu,

Nianze na huyo mtoto anayekoroma, kwa sababu umemweka mwisho wa barua kama jambo dogo.

Dawa za jamii ya heroini, mofini, kodeini na tramadoli huufanya ubongo usahau kupumua. Misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, na hewa kidogo inayopita inatoa mlio huo ulioutaja, wa maji kooni. Aliyelala chali anazibwa zaidi. Changaa nayo inaizidisha kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo mlichosikia hakikuwa usingizi, na hamkujua. Wewe umewahi kuona walevi wangapi wakikoroma kwenye benchi hilo, na asubuhi wakaamka wakaomba chai? Mlicheka kwa sababu kila mlichokijua kilisema hapa pana kicheko. Sitakuambia kwamba hakuna lililowezekana usiku ule, maana hutaniamini, na ukiniamini leo kesho utaacha. Lakini kutojua na kuua ni mambo mawili, na kwenye barua yako umeyaandika kama moja.

Angalia pia mkono wako unafanya nini usiku. Unamgeuza mtoto alale ubavu. Ndicho hasa afundishwacho mtu wa huduma ya kwanza: mtikise, mwite kwa jina, msugue kifuani kwa ngumi, asipoitika mlaze ubavu njia ya hewa ibaki wazi, mpulizie pumzi kama hapumui, usimwache peke yake, apelekwe hospitali. Maji baridi hayamzindui, na maziwa yanaweza kumpalia. Utayasema hayo kwenye kikao, nami naona hayo peke yake yatawafaa watu wa steji kuliko hotuba nyingi. Ila wewe unayeamka kila usiku nawe ni mtu wa kuhudumiwa. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu haitozi pesa, na anayepokea amezoea kusikiliza watu waliobeba usiku kama wako. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni kwa yeyote kwenye steji anayevitegemea vidonge hivyo, na kati ya watu 27 sidhani Sande alikuwa peke yake. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikuta Mkenya 1 katika kila 6, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia kilevi cha aina fulani.

Sasa swali lenyewe. Mama hataki, mjane anataka, kikundi kinasubiri, na wewe uko katikati umeshika fulana. Umeniuliza mseme au msiseme. Kabla ya hapo kuna mambo umeyachukulia kuwa yamethibitika, na mimi sina hakika nayo.

La kwanza ni naloksoni. Umeisikia redioni na kichwani mwako imekuwa dawa iliyochelewa kumfikia Sande. Huenda ni kweli. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri kwamba wanaoweza kumkuta mtu amezidiwa wapewe dawa hiyo na wafundishwe kuitumia, wakiwemo marafiki na jamaa. Hilo lishikeni kwa nguvu. Lakini naloksoni inapambana na dawa za jamii ile tu. Haiondoi changaa mwilini wala haina nguvu juu ya vidonge vya usingizi, na nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa hiyo aliyezinduka anaweza kuzama tena akiwa hajafika hospitali. Ukisimama ukumbini ukasema "ingemwokoa", atatokea mmoja wa nyuma aulize kama hakuwa amekunywa. Utajibu nini mbele ya watu wanaomjua? Sema ingempa nafasi. Hilo ni kweli, nalo linatosha.

La pili ni mama. Umeandika kana kwamba anaona aibu ya kanisa na majirani. Inawezekana. Kuna mama anayeficha kwa aibu, na kuna anayeficha kwa sababu kuna kitu anakiogopa ambacho wewe bado hujakiona. Rudi kwenye ile miezi miwili.

Mwili uliozoea dawa huhitaji nyingi ili kuihisi. Ukikaa bila kuigusa, mazoea hayo yanapungua haraka, na mtu akirudia kipimo chake cha zamani kinamzidi nguvu. Ndiyo maana wanaotoka gerezani, wodini au kwenye nyumba za kurekebisha tabia huwa hatarini mno siku za mwanzo. Sande alikaa Kakamega miezi miwili akiwa safi, akarudi, hakumaliza siku nne. Sikuwepo na mimi si daktari wake, ila mtaalamu yeyote atakayewasikiliza kwenye kikao anaweza kulieleza hilo, kwa nia njema kabisa, huku simu zikirekodi. Sasa fikiria maelezo hayo yakimfikia mama kwa njia ile ile iliyopitia picha ya fulana. Wewe utasikia elimu. Yeye atasikia kwamba yale maombi, ule uji, zile usiku alizolala kwenye mkeka mlangoni pa mwanawe ndivyo vilivyomuua.

Huenda ameshajiuliza. Huenda ndiyo sababu anaishikilia ile karatasi inayosema moyo.

Sisemi elimu hiyo ifichwe. Wazazi wanaowarudisha vijana wao nyumbani kuombewa wanaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote: kumtunza mtu ni jambo jema, ila anaporudi mjini asirudi bila mtu wa kumwambia hatari hiyo, wala bila dawa yake ya akili. Nauliza tu nani atakuwa ameketi na mama siku atakayoisikia, na ataisikia kutoka kinywani mwa nani.

Na hayo maneno yake, "usinivue nguo mbele ya watu", wewe mtu wa hapa unayajua uzito wake. Mama wa Magharibi akitaja uchi wake kwa mwanawe hachezi na maneno. Lakini kabla ya hapo alisema "wewe pia ni mwanangu". Amekukataza na amekukumbatia kwa pumzi moja. Wewe ulisikia katazo.

Sasa niwe upande wako, maana nao una haki. Moyo wa kila maiti umesimama. Cheti kikisema hivyo basi, hakijasema kitu. Kila familia ikiondoka mochari na neno moyo, anayepanga dawa na pesa pale kaunti atafungua vitabu vyake na kukuta Nakuru hakuna anayekufa kwa vidonge. Kunyamaza kwenu kwenye yale matanga kuliingia pia katika hesabu hiyo. Watu wa rika langu tumeyaona haya. Miaka ya tisini, Nyanza na Magharibi, tulizika vijana kila Jumamosi na matangazo yakisema "baada ya kuugua kwa muda mfupi", na nyumba nyingine zikisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, tukiwa tumeshazika wengi. Mimi naamini kilichofungua vinywa ni wale walioanza kusimama wakasema "mimi ninavyo virusi". Walijisema wenyewe. Sikumbuki mazishi hata moja yaliyobadilika kwa sababu mgeni alisimama akamtaja marehemu.

Hapo ndipo ninapokuuliza: katika hadithi ya Sande, kipande chako ni kipi?

Ugonjwa wake ni wake. Miezi miwili ya Kakamega ni ya mama. Ndoa ni ya mjane, na yeye akisema "tuseme yote" ningependa umuulize taratibu kama yote hayo ni pamoja na siku mtoto atakapoulizwa shuleni. Watoto wa gredi ya pili wanajua kusoma fulana. Lakini lile benchi ni lako. Mkoromo ulioucheka, koti lako la mvua, ubishi kuhusu polisi, kliniki iliyotaka pesa kwanza, hayo yalikupata wewe, na hakuna mama wa kukukataza kuyasimulia. Unaweza kusimama ukumbini ukasema "mwenzetu" kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hicho ndicho kipande ambacho kaunti inaweza kukitengeneza, kwa sababu kati ya mkoromo na majivu kulikuwa na saa nzima.

Usidhani hiyo ni njia ya usalama. Ukisimulia sehemu yako, umejiweka wewe mahali pa Sande. Watasema steji hiyo ni ya walevi, abiria watavuka barabara kwenda kwa wenzenu. Polisi wanaweza kutaka kujua vidonge vinanunuliwa wapi. Na wanaokaa karibu watamtambua hata bila jina, kwa hiyo mama hatakuwa amekingwa kabisa, na usimdanganye kwamba atakuwa. Tena kuna jambo umelipita mbio: mmoja wenu alimrekodi. Video hiyo iko wapi? Siku mtakayotembea na fulana ndiyo siku itakayotoka. Keti na huyo mwenzako kabla ya kitu kingine. Sitashangaa ukikuta naye halali.

Kuhusu serikali kutojali, nikuombe tuitenganishe vipande, maana mkiishika yote kwa mkono mmoja itawateleza. Nyongeza ya Nne ya Katiba inaipa kaunti hospitali zake, maduka yake ya dawa, magari ya wagonjwa, leseni za pombe, na pia udhibiti wa dawa za kulevya na picha za ngono. (Nani aliviweka hivyo viwili chumba kimoja sijui, lakini viko hapo.) Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hiyo. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo kuhusu ile kliniki hamwombi fadhila. Ila polisi si wa kaunti. Ombi lenu la nne mmelipeleka mlango usio wake, na mwakilishi wadi hata akiwapigia makofi hana wa kumwamuru. Hilo lianzeni kwa mkuu wa kituo. Hata hivyo mtamwona tu, kwa sababu matembezi ya hadhara yanatakiwa yaarifiwe kituoni, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Nendeni mkiwa na mambo yote mawili.

Na mambo hubadilika, ingawa polepole. Hadi juzi, mtu aliyejaribu kujiua Kenya alikuwa mhalifu, kifungo hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na tume ya haki za binadamu walikuwa miongoni mwa walioipeleka kesi. Kisa cha Sande si hicho, lakini ni mlango ule ule, wa kumtoa mgonjwa mikononi mwa askari na kumweka mikononi mwa muuguzi.

Tarehe nazo mziangalie. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na jambo lisilokuwamo ni vigumu kulipatia pesa kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Kwa hiyo mkitembea tarehe 31 Agosti, mpango unaweza kuwa umeshapigwa chapa. Mimi naipenda siku hiyo, ilianzia Melbourne, Australia, mwaka 2001, nayo imewapa watu wengi mahali pa kulilia. Lakini kikao cha wadi, kile chenye viti vya plastiki na watu 15, ndicho chenye karatasi. Kuhusu sindano, hamna haja ya Sande hata kidogo. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu uiandikie kaunti uulize: katika miezi 24 iliyopita, sindano ya wagonjwa wa akili ilikosekana miezi mingapi, vituo gani? Jibu likija, au likikataa kuja, mnalo la kusema ukumbini. Tangu 2023 pia kuna wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 nchini wanaolipwa posho. Mmoja wao kila mwezi angebisha kwa Sande kuuliza kama amechomwa sindano, ule mwezi wa tatu usingewategemea ninyi kukumbuka. Ombi kama hilo, kwa maoni yangu, ni la kusikika kuliko naloksoni, ingawa naloksoni ndiyo iliyokusimamisha barabarani.

Wenzako wanasema bila sura hakuna atakayesikiliza. Hawakosei kabisa. Sura huvuta watu, na najua familia zilizopata nafuu siku jina lilipotamkwa. Mkitumia sura bila mama, mtapata umati na huenda mkampoteza yeye, na Kakamega hamtakanyaga tena kwa amani. Mkiitupa fulana mkatumia neno "mwenzetu", huenda mkatoka na karatasi iliyosainiwa na moyo wenye doa, mjane naye akaona mmemzika mumewe tena. Mkiahirisha mwaka mmoja, mama anaweza kulainika, au mwingine akakoroma kwenye benchi hilo hilo. Siwezi kukuchagulia. Ninachokiona ni kwamba kikao hakiwezi kungoja na fulana inaweza, na hilo linakupa siku chache.

Zitumie kwenda Kakamega. Nenda na mkeo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwonea mama huruma kwanza. Usibebe fulana wala hotuba. Usiende kuomba ruhusa pia, maana ukiomba ruhusa utamlazimisha aseme ndiyo au hapana, na hapana ameshaisema. Kaa, kula utakachopewa. Akitaka kujua usiku ule ulikuwaje, mwambie wewe ulikuwepo na ulimfunika kwa koti. Ya miezi miwili usiyaanze wewe. Akiyaanza yeye, usikimbilie kumsahihisha wala kumfariji, msikilize kwanza anasema nini.

Na kuna lile neno la mwisho la simu, ambalo umeliandika bila kulijibu. Aliuliza mbona mkachukua picha amekonda. Anayetaka sura ya mwanawe ifutike haulizi hivyo. Anauliza hivyo aliye na picha nyingine, ukutani au kwenye bahasha, Sande akiwa amejaa mashavu. Mwombe akuonyeshe. Muulize ilipigwa lini, na alikuwa akicheka nini.

Kisha niandikie.

Mshauri wako